Bilioni Mbili na Ushei: Mhadhara juu ya Namba 2,147,483,647



Mwaka 1811 Peter Barlow, mwalimu wa hisabati katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya namba. Humo aliitaja namba 2,147,483,647, akaeleza kuwa ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo. Kisha, kuhusu namba kamilifu inayozaliwa nayo (nitaieleza karibu na mwisho), akaongeza utabiri: huenda isipatikane nyingine ya kuizidi hata milele, kwa kuwa namba za namna hii zinavutia tu, hazina matumizi, na si rahisi mtu akajisumbua kutafuta inayofuata.

Barlow hakuwa mtu wa kubahatisha. Majedwali yake ya vipeo na vipeuo, aliyoyatoa miaka mitatu baadaye, yalitumika kwa zaidi ya karne moja. Lakini kwa hili aliteleza mara mbili. Namba kubwa zaidi zilipatikana, hilo tuliache. Kinachonileta mbele yenu ni lile la matumizi, maana 2,147,483,647 yenyewe leo imo ndani ya simu, ndani ya kompyuta za ofisi na hata ndani ya ndege. Nitajaribu kuonesha kwamba imo humo kwa sababu mbili zisizohusiana, na kwamba watu wengi, wakiwemo waandishi wa programu waliobobea, huzichanganya.

Tuanze na umbo lake. Andika 2 mara thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, utapata 2,147,483,648. Toa moja. Namba yetu basi ni 2³¹ − 1. Ukiiandika kwa mtindo wa kompyuta, wa sifuri na moja peke yake, inakuwa safu ya moja thelathini na moja, bila sifuri hata moja.

Namba za umbo la 2ⁿ − 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliyefariki mwaka 1648. Zina kanuni moja nyepesi: kama n inagawanyika, basi 2ⁿ − 1 nayo inagawanyika. Kwa mfano 6 ni 2 × 3, na 2⁶ − 1, yaani 63, inagawanyika kwa 2² − 1 ambayo ni 3, na kwa 2³ − 1 ambayo ni 7. Kwa hiyo anayewinda namba tasa katika pori hili ahangaike na n zilizo tasa tu. Kinyume chake lakini si kweli, na hapo ndipo wengi walipoanguka. Namba 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89.

Mmoja wa walioanguka ni Pietro Cataldi wa Bologna. Alikuwa ametumia kugawanya kwa mkono, namba tasa moja baada ya nyingine, kuthibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Kazi hiyo ilimstahilisha heshima. Kisha mwaka 1603 akadai kwamba hata n zikiwa 23, 29, 31 na 37 jibu huwa tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliangusha 23 na 37. Leonhard Euler akaangusha 29 mwaka 1738. Ikabaki 31 peke yake. Mersenne naye alitoa orodha yake mwaka 1644. Aliiweka 31 humo, lakini pia aliingiza 67 na 257 zisizostahili, na akaziruka 61, 89 na 107. Yaani kwa zaidi ya karne moja na nusu watu walikuwa wakisema 2³¹ − 1 ni tasa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uthibitisho mkononi.

Kwa nini ilikuwa vigumu? Kuthibitisha kwamba namba ni tasa kwa njia ya kawaida, unaigawa kwa kila namba tasa hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushei. Namba tasa zilizo chini ya hapo zinakaribia 4,800. Piga picha: migawanyo 4,800 kwa kalamu ya manyoya, kila mmoja ukianza na namba ya tarakimu kumi, na ukikosea mmoja tu, kazi yote haina thamani.

Fermat aliona njia ya mkato, na ninaomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Tuseme kuna namba tasa q inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake, ukigawa 2³¹ kwa q unabaki na 1. Sasa chukua 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja igawe kwa q na utazame baki. Mabaki hayo yanazunguka, yanarudi kwenye 1 kila baada ya hatua 31, na hayawezi kurudi kwa mzunguko mfupi zaidi kwa sababu 31 yenyewe ni tasa. Fermat alijua jambo jingine: kwa namba yoyote tasa q iliyo witiri, hatua ya q − 1 lazima iangukie kwenye 1. Basi q − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 inagawanyika kwa 2 vilevile. Kwa hiyo q ni lazima iwe 1 zaidi ya kigawe cha 62.

Hilo ni chujio la kwanza. La pili linatokana na hili: kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2, na 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Katika hesabu ya mabaki ya q, kwa hiyo, 2 ina kipeuo cha pili. Namba tasa witiri zenye sifa hiyo ni zile tu ambazo ukizigawa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Unganisha machujio yote mawili: kigawo chochote kilicho tasa cha 2³¹ − 1 lazima kiwe 1 zaidi ya kigawe cha 248, au 63 zaidi ya kigawe cha 248. Hakuna kingine kinachopita.

Tujaribu machujio haya kwenye madai ya Cataldi. Kwa n = 23, namba tasa ya kwanza kupita ni 47, na kweli 2²³ − 1, yaani 8,388,607, ni 47 × 178,481. Kwa n = 37, ya kwanza kupita ni 223, nayo inagawa. Kwa n = 29, ya kwanza ni 233, nayo inagawa. Mara zote tatu Cataldi aliangushwa na namba tasa ya kwanza kabisa mlangoni! Angekuwa na chujio hili, mgawanyo mmoja mmoja ungemtosha kuepuka aibu.

Kwa n = 31, ya kwanza ni 311. Gawa: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Haigawi. Inayofuata ni 1,303, baki 226. Haigawi. Unaendelea hivyo hadi unapoikaribia 46,340. Namba za maumbo yale mawili zilizo chini ya hapo ni kama 372, na kati yake zilizo tasa kweli ni 84. Ile migawanyo 4,800 imepungua hadi 84. Mwanafunzi wa sekondari mwenye subira anaweza kuimaliza katika likizo fupi, na muda wa kucheza mpira akabaki nao.

Aliyefanya hivyo ni Euler, na matokeo aliyaeleza katika barua ya mwaka 1772. Alikuwa Saint Petersburg, ana miaka 65, na macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa baada ya upasuaji wa mwaka uliotangulia kushindwa kuyaokoa. Vitabu vya hisabati hupenda kulitaja jambo la upofu kwa huruma. Mimi nadhani linaeleza pia namna ya kazi yenyewe: asiyeona karatasi yake ana kila sababu ya kutafuta hoja inayopunguza hesabu kabla hajaanza kuhesabu.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alileta mbinu isiyohitaji kujaribu vigawo kabisa, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akainyoosha katika miaka ya 1930. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, bakiza baki. Rudia mara n − 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Usipoishia hapo, si tasa. Tuipime 31, ambayo ni 2⁵ − 1, kwa hatua tatu: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, baki 8, 8 inatoa 62, baki 0. Tasa. Kwa namba yetu hatua ni 29 tu. Lucas mwenyewe alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na kwa mbinu hiyohiyo, kwa mashine, watu wamefika mbali: Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ni tasa, namba ya tarakimu 41,024,320. Barlow apumzike salama.

Sasa niingie kwenye matumizi. Ya kwanza yanategemea hasa kwamba namba hii ni tasa.

Kompyuta haijui kurusha sarafu. Inafuata maagizo, na maagizo yaleyale hutoa jibu lilelile. Hata hivyo mtafiti anayechagua kaya za kuhoji, au mchezo wa karata kwenye simu, vinahitaji namba zinazoonekana hazina mpangilio. Lehmer huyuhuyu alipendekeza ujanja: chukua namba, izidishe kwa namba fulani maalumu, gawa kwa namba tasa kubwa, bakiza baki, urudie. Watu walikuja kuchagua 16,807 ya kuzidishia na 2,147,483,647 ya kugawia, na mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliandika makala wakitaka jozi hiyo iwe kiwango cha chini kinachokubalika. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Hiyo ya tatu haionekani ina undugu wowote na ya pili. Ukifika hatua ya 10,000 lazima uwe kwenye 1,043,618,065. Usipokuwa hapo, programu yako ina hitilafu. Lugha ya C++ bado inayo mashine hii ndani ya maktaba yake, kwa jina la minstd_rand0.

Uzuri wake ni kwamba inapita kwenye kila namba kutoka 1 hadi 2,147,483,646, mara moja moja, bila kuruka hata moja, ndipo irudi mwanzo. Kwa nini? Hapa inabidi tumtazame jirani wa chini. Namba 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Namba yetu haina kigawo hata kimoja cha maana, na jirani yake amevunjika vipande vidogovidogo. Kwa kuwa ya juu ni tasa, kuna namba ambazo vipeo vyake vinazunguka mabaki yote. Ndogo kuliko zote ni 7. Na 16,807 ni 7⁵. Kipeo hicho cha 5 hakikuchaguliwa ovyo: 5 haimo kwenye orodha ya vigawo vya jirani, kwa hiyo mzunguko haukatiki. Ungechukua 7², mzunguko ungefupika hadi nusu, kwa kuwa 2 imo. Weka mahali pa 2,147,483,647 namba isiyo tasa, na jengo lote linabomoka. Siku hizi mzunguko wa bilioni mbili ni mfupi mno kwa kompyuta za kisasa, na zipo mbinu bora zaidi. Lakini kwa miaka mingi namba ambayo Barlow aliiona pambo ndiyo iliyokuwa ikichanganya karata.

Matumizi ya pili hayana habari na utasa hata kidogo. Kompyuta nyingi zimehifadhi namba kamili katika biti 32. Biti moja huonesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31 za ukubwa. Zikijaa zote moja, umefika 2,147,483,647 na huwezi kupanda zaidi. Ni kama mita ya gari la zamani iliyofika 99,999, isipokuwa hii haidondoki kwenye sifuri: kwenye mashine nyingi, ukiongeza moja, inaruka hadi hasi 2,147,483,648.

Hapa kwetu mtego huu uko karibu kuliko Ulaya, kwa sababu ya thamani ya fedha. Mwandishi wa programu aliyefundishwa kuhifadhi fedha kwa senti, ili kukwepa desimali, akitumia biti 32 anafika kikomo kwenye Sh. 21,474,836.47. Kwa dola hizo ni fedha nyingi sana. Kwa shilingi ya Tanzania ni bei ya gari lililotumika. Ninawasihi wanafunzi wa kompyuta mlio humu: mfanyabiashara wa kawaida wa duka la jumla anavuka kiasi hicho, na hatawaelewa mkimwambia kwamba salio lake limekuwa hasi kwa sababu ya biti.

Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba kihesabio chake kimeongezwa ukubwa, kwa kuwa wimbo wa Gangnam Style wa Mkorea Psy ulikuwa umetazamwa mara nyingi kuliko 2,147,483,647. Hilo lilikuwa la kuchekesha. La mwaka uliofuata halikuwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways na Air Tanzania pia huruka nayo: mitambo ya kudhibiti jenereta ikikaa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248, kihesabio cha ndani kingefurika, na ndege ingeweza kupoteza umeme mkuu hata ikiwa angani. Dawa ya muda ilikuwa kuizima na kuiwasha kabla siku hizo hazijatimia. Siku 248 zinatoka wapi? Ukihesabu muda kwa sehemu za mia za sekunde, 2³¹ zinakwisha baada ya siku 248 na nusu. Ndiyo, 248, namba ileile ya Euler. Msiitafutie maana. Ya Euler ni 8 × 31. Hii imetokana na idadi ya sekunde katika siku. Zimegongana tu njiani.

Na tukio kubwa lenye tarehe linatusubiri. Mifumo mingi huhesabu saa kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa Januari 1, 1970, kwa saa za dunia. Iliyofungwa katika biti 32 itafika 2,147,483,647 Jumanne, Januari 19, 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa 12:14 asubuhi na sekunde 7. Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini ni Desemba 1901. Simu na kompyuta mpya zimekwisha kuhamia biti 64. Vinavyoniogopesha ni vidude vilivyochimbiwa ndani ya mitambo, ambavyo hakuna anayekumbuka kama vina saa.

Watu wakisikia haya husema: kumbe kikomo cha kompyuta kimewekwa kwenye namba tasa makusudi. Hapana. Kikomo kipo hapo kwa sababu ni 2³¹ − 1, basi. Kompyuta za biti 16 zilikuwa na kikomo cha 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Za biti 64 zina 9,223,372,036,854,775,807, nayo inagawanyika kwa 7, kwa kanuni ileile tuliyoanza nayo: 63 inagawanyika kwa 3. Ni sadfa kwamba 31 iliangukia mahali ambapo Cataldi alipatia bila kujua.

Sadfa hiyo iliwapa waandishi wa programu zawadi, kwani mashine ya Lehmer inatumia karibu kila namba chanya inayoingia kwenye biti zile. Lakini zawadi si sababu.

Sifa moja ya kale niipitie haraka. Eukleidi alionesha kwamba 2ⁿ − 1 ikiwa tasa, ukiizidisha kwa 2ⁿ⁻¹ unapata namba kamilifu, yaani inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 + 2 + 3. Namba yetu inazaa ya nane katika ukoo huo: 2,305,843,008,139,952,128. Euler alithibitisha kwamba namba kamilifu zote za shufwa hupatikana hivi. Kama ipo hata moja ya witiri, hadi leo hakuna ajuaye.

Nimalizie na kipeo chenyewe. Namba 31 ni 2⁵ − 1; nayo ni ya Mersenne. Namba tasa za Mersenne ambazo kipeo chake pia ni cha Mersenne zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, 2,147,483,647, na ile ya Lucas, 2¹²⁷ − 1. Ni kawaida basi kuuliza: je, tukiipandisha 2,147,483,647 yenyewe iwe kipeo, tuandike 2 kipeo cha 2,147,483,647, tukatoa moja, tutapata tasa? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, karibu mara kumi na sita ya ile iliyovunja rekodi mwaka 2024. Lakini chujio la Fermat halijali ukubwa. Linasema kigawo chochote lazima kiwe 1 zaidi ya kigawe cha 4,294,967,294. Mwaka 1983 Guy Haworth alikipata kimoja: 295,257,526,626,031, ambacho ni 68,745 × 4,294,967,294 + 1. Kwa hiyo si tasa. Asiyeamini anaweza kuhakiki akifika nyumbani, kwa programu ya mistari mitatu: aanze na 2, azidishe kwa yenyewe, agawe kwa namba hiyo ya Haworth, abakize baki, arudie mara 31. Atarudi kwenye 2.